Shaba Isiyo Nyekundu: Aloi ya Shaba na Nikeli na Ugomvi Wake na Maji ya Chumvi

Kama nyumbani kwenu bado kuna ile sarafu ya zamani ya shilingi 1 ya Tanzania, ya mwaka 1966, yenye mkono ulioshika mwenge, itoe uiangalie vizuri. Ni nyeupe. Ukimwambia mtu kwamba sehemu kubwa ya sarafu hiyo ni shaba, atakuona unamtania. Shilingi 1 ya Kenya ya mwaka huohuo ilitengenezwa kwa metali ya familia hiyohiyo. Wamarekani nao wana sarafu ya senti 5 ambayo tangu 1866 ni shaba asilimia 75 na nikeli asilimia 25, halafu wao wenyewe wanaiita "nikeli". Yaani mgeni mwenye robo ya nyumba ndiye aliyeandikwa jina mlangoni.

Leo tuzungumze kuhusu familia hii ya aloi, na hasa ndugu mmoja ambaye hakai mfukoni. Huyu yuko kwenye injini za meli, kwenye mitambo ya kuchuja chumvi ya bahari kule Ghuba, na kwenye paipu za breki za baadhi ya magari. Kwenye orodha za wahandisi anaitwa C70600, na kwa lugha ya kawaida "tisini kwa kumi": shaba karibu asilimia 90, nikeli karibu 10. Ni metali ambayo mtu akiibadilisha kwa kukisia, matokeo yake yanaweza kuwa chombo kinachoingiza maji au kanyagio la breki linalozama hadi chini. Kwa hiyo inafaa kuijua.

Kwanza, hiyo rangi nyeupe inatoka wapi?

Shaba ni nyekundu kwa sababu elektroni zake humeza mwanga wa upande wa buluu na kijani na kurudisha ule wa upande wa nyekundu. Nikeli iko jirani kabisa na shaba kwenye jedwali la elementi, shaba namba 29 na nikeli namba 28, ila elektroni zake zimekaa kwa namna inayomeza mwanga wa rangi zote karibu kwa usawa. Ukiichanganya kwenye shaba, ile tofauti iliyokuwa inaleta wekundu inazidi kufifia. Kwa nikeli asilimia 10 aloi bado ina dalili ya waridi kwa mbali. Ikifika 25, wekundu umekwisha.

Watu walilijua jambo hili kwa macho zamani sana, kabla mtu yeyote hajajua kuna kitu kinaitwa nikeli. Wafalme wa Kigiriki wa Baktria, eneo la Afghanistan ya leo, walitengeneza sarafu za shaba na nikeli katika karne ya 2 kabla ya Kristo. Nikeli yenyewe ilitenganishwa mwaka 1751 na Msweden, Axel Fredrik Cronstedt. Jina lake lina kisa. Wachimbaji wa Ujerumani walikuwa wanapata jiwe lenye rangi kama ya shaba, lakini wakiliyeyusha hawapati shaba hata kidogo, basi wakalisingizia zimwi na kuliita Kupfernickel, yaani shaba ya zimwi. Neno "shaba" likakatwa, zimwi likabaki kwenye vitabu vya kemia.

Sasa tuingie ndani. Metali nyingi ukizichanganya hazipatani sawasawa. Zinayeyuka pamoja zikiwa za moto, zikipoa kila moja inatafuta kona yake. Shaba na nikeli hazina tabia hiyo. Atomu zake zinakaribiana kwa ukubwa, pikomita 128 kwa shaba na kama 125 kwa nikeli, na fuwele zake zimepangwa kwa mtindo uleule, mchemraba wenye atomu kwenye kila pembe na katikati ya kila uso. Kwa hiyo atomu ya nikeli inaweza kuchukua nafasi ya atomu ya shaba popote pale bila kuleta vurugu. Fikiria sukari iliyoyeyuka kwenye chai, isipokuwa hapa "chai" yenyewe ni kitu kigumu. Unaweza kuchanganya kwa kiwango chochote, kuanzia chembe moja ya nikeli hadi karibu nikeli tupu.

Hii ina faida na hasara. Faida ni kwamba hakuna sehemu moja ya metali inayoliwa na maji huku nyingine ikibaki, kama inavyotokea kwenye brasi, ambayo zinki yake hutoroka na kuacha shaba yenye matundumatundu kama mkate wa kumimina. Hasara ni kwamba huwezi kuiimarisha kwa kuipasha moto na kuizamisha kwenye maji baridi kama mhunzi anavyofanya na panga. Ukitaka iwe ngumu, inabidi uipige au uivute ikiwa baridi.

Hapo ndipo neno "kufua" linapoingia. Aloi za shaba zimegawanywa makundi mawili makubwa. Kuna za kusubu, zinazomiminwa kwenye kalibu zikatoka na umbo lake la mwisho, mfano miili ya pampu na vali. Na kuna za kufua, zinazomiminwa kwanza kuwa gogo, kisha zikabanwa kati ya magurudumu mazito, zikasukumwa au kuvutwa kupita kwenye tundu, mpaka zikawa bamba, fimbo au mrija. Katika mfumo wa namba wa Marekani, kila kinachoanzia C1 hadi C7 ni cha kufua, na C8 na C9 ni vya kusubu. Ndiyo maana C70600 ina pacha wa kusubu mwenye namba tofauti kabisa, C96200. Ukiagiza mrija na mtu akakupa karatasi yenye namba inayoanza na C9, muulize maswali.

Kufuliwa kunavunja zile fuwele kubwa za gogo na kuziacha ndogondogo na zinazofanana. Mrija wa tisini kwa kumi uliolainishwa kwa moto huanza kupinda moja kwa moja kwenye mkazo wa megapaskali 105 hivi, sawa na kuning'iniza kilo 10 na ushee kwenye waya wenye eneo la milimita 1 ya mraba. Hukatika kwenye kama 300. Hizo siyo namba za kujivunia. Chuma cha kawaida cha ujenzi huanza kupinda kwenye 250 hivi. Lakini kabla ya kukatika, aloi hii hurefuka kwa zaidi ya asilimia 30, kwa hiyo unaweza kuikunja, kuipanua mdomo na kuisokota bila nyufa. Ukiuvuta mrija kidogo ukiwa baridi, mkazo wa kuanza kupinda hupanda na kuvuka 240. Na tofauti na vyuma vingi, baridi kali haiifanyi iwe kama kioo.

Tukirudi kwenye ile karatasi ya namba, maana ndiyo inayoonyesha kilichomo: nikeli 9 hadi 11, chuma 1.0 hadi 1.8, manganizi isizidi 1, zinki isizidi 1, risasi isizidi 0.05, iliyobaki ni shaba. Kama mrija utachomelewa, masharti yanabana zaidi: risasi isizidi 0.02 na salfa vivyo hivyo. Sababu ni rahisi. Risasi haiyeyuki ndani ya aloi hii, inajikusanya kwenye mipaka ya fuwele, na huyeyuka kwenye nyuzi 327 tu wakati aloi yenyewe inasubiri hadi 1100. Fundi akichomelea, ile mipaka inakuwa majimaji wakati kila kitu kingine bado kigumu, na joto la mchomeleo likianza kuvuta, panapasuka. Manganizi kazi yake ni ya usafi. Inaikamata salfa na oksijeni zilizobaki kwenye kinu kabla hazijaleta madhara.

Ila nyota wa orodha hiyo, kwa maoni yangu, ni ile asilimia moja na kitu ya chuma.

Inashangaza, siyo? Unatengeneza mrija wa kuvumilia bahari, halafu unauwekea kwa makusudi kitu kinachoongoza duniani kwa kuoza baharini. Kuelewa kwa nini, turudi nyuma hadi Vita Kuu ya Kwanza. Meli za kivita za Uingereza ziliendeshwa kwa mvuke. Mvuke ukishazungusha injini hupita kwenye kondensa, tangi lililojaa mirija myembamba yenye maji ya bahari ndani yake, ukapoa ukarudi kuwa maji ya boila. Mirija hiyo ilikuwa ya brasi, na ilikuwa inatoboka mara kwa mara. Tundu moja dogo, maji ya chumvi yanaingia kwenye boila, meli inapunguza mwendo au inarudi bandarini. Manowari inashindwa vita kwa sababu ya mrija mwembamba kuliko kidole! Kwanza walikimbilia aloi ya sabini kwa thelathini, yenye nikeli asilimia 30. Ilifanya kazi vizuri, lakini nikeli ni ghali. Baadaye utafiti ukaonyesha kwamba ukiongeza chuma kidogo unaweza kushusha nikeli hadi 10 na bado mrija ukastahimili maji yanayokwenda kasi.

Chuma hicho hakikai peke yake kikapata kutu. Kimeyeyuka ndani ya shaba, atomu moja huku na nyingine kule, na maji yanapoanza kuula uso wa mrija kinaingia kwenye utando unaojijenga pale juu. Utando huo ni okisidi ya shaba kwa sehemu kubwa, mwembamba, wenye rangi ya kahawia, na ukiwa na chuma na nikeli ndani yake unashika vizuri zaidi na haukwanguliwi kirahisi na maji. Kiasi lazima kipimwe. Kikizidi asilimia 2 hivi, au aloi ikipozwa polepole mno, chuma kinajitenga kuwa punje, uso unaanza kuliwa kwa mabaka, na utaona mrija unaanza kuvutwa kidogo na sumaku. Ulioandaliwa vizuri hauvutwi.

Huo utando ndio kila kitu. Metali hii haishindi bahari kwa sababu ni ngumu au kwa sababu haigusiki. Inashinda kwa sababu imevaa nguo. Na nguo inachukua muda kushonwa. Utando unaanza ndani ya siku za kwanza, lakini kukomaa kabisa kwenye maji ya nyuzi 16 hivi huchukua miezi 2 hadi 3. Kwenye maji ya joto kama yetu ya Bahari ya Hindi mambo huenda haraka zaidi. Ukishakomaa, metali inayopotea ni kati ya milimita 0.0025 na 0.025 kwa mwaka. Chukua ile mbaya zaidi: milimita moja inahitaji miaka 40.

Sasa hapa ndipo watu wanapoharibu. Chombo kipya kinashushwa majini, injini inajaribiwa siku moja, halafu kinafungwa gatini wiki kadhaa kikisubiri karatasi za leseni, maji ya bandari yakiwa yamesimama ndani ya mabomba. Maji ya bandari siyo maji ya bahari ya wazi. Yana uchafu wa samaki, maji taka, majani yanayooza, na oksijeni ikishaisha bakteria wanaanza kutoa salfaidi, ile harufu ya yai viza. Salfaidi ikikuta uso ambao bado hauna nguo, inaushonea nguo yake, nyeusi, laini, isiyoshika. Siku injini inapowashwa kwa nguvu, nguo hiyo inachanika vipandevipande na mrija unatoboka ndani ya miezi, wakati ungeweza kudumu miongo. Halafu lawama inaenda kwa muuzaji wa mirija. Dawa yake haina gharama kubwa: mwanzoni pitisha maji safi ya bahari kila mara, na kama chombo kitasimama siku nyingi, toa maji yote, suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, acha pakauke.

Adui wa pili ni mwendo. Kwa bomba la tisini kwa kumi lenye kipenyo cha milimita 100, kasi inayokubalika kwa kawaida ni hadi mita 3.5 kwa sekunde, na mabomba membamba huruhusiwa kasi ndogo zaidi. Kupita hapo, maji yanakwangua utando haraka kuliko unavyojijenga, hasa kwenye kona kali na nyuma ya vali iliyofunguliwa nusu. Fanya hesabu ndogo. Bomba la milimita 100 kwa mita 3.5 kwa sekunde hupitisha lita 27 na nusu kila sekunde. Fundi akikosa kipande cha milimita 100, akaunga cha milimita 50 "kwa muda", kipenyo kimekuwa nusu lakini eneo limekuwa robo. Maji yaleyale yatalazimika kupita kwa mita 14 kwa sekunde. Kipande hicho hakina maisha. Na usiende upande wa pili kupita kiasi: chini ya mita 1 kwa sekunde mchanga na tope hutua, na chini ya tope metali huliwa kimyakimya.

Kuna swali ambalo mwanafunzi yeyote wa fizikia angeuliza. Shaba tupu hupitisha joto vizuri sana, kama wati 390 kwa mita kwa kila digrii. Aloi ya tisini kwa kumi ni 40 tu, kwa sababu zile atomu za nikeli zilizotawanyika zinazigonga elektroni na kuzipotezea njia. Iweje kipoozeo cha injini kitengenezwe kwa kitu kilichopoteza asilimia 90 ya sifa hiyo? Jibu liko kwenye unene. Ukuta wa mrija ni milimita 1 hivi, kwa hiyo ukinzani wake kwa joto ni 0.001 ukigawa kwa 40, yaani 0.000025. Tabaka jembamba la maji yanayosuasua kando ya ukuta huo lina ukinzani wa karibu 0.0002, mara nane zaidi. Ukibadilisha kwenda shaba tupu unafuta kitu ambacho hata hakikuwa tatizo, na unaletewa mrija unaotoboka. Chuma kisichoshika kutu, kile mafundi wanachokiita stenlesi, kiko chini zaidi, kama 15, na aina zake za bei ya kawaida huchimbwa vishimo na maji ya chumvi yaliyosimama, hasa ya joto.

Kuna sifa nyingine inayowafurahisha wavuvi. Ioni za shaba zinazotoka kidogokidogo zinawachukiza chaza na mwani, kwa hiyo hawashikamani sana. Mwaka 1971 ilitengenezwa boti ya kuvulia kamba iitwayo Copper Mariner, bodi lake likiwa bamba la tisini kwa kumi la milimita 6, bila rangi ya kuzuia viumbe vya bahari, ikafanya kazi pwani ya Nicaragua kwa miaka mingi. Ila kuna mtego mmoja: ukiunganisha bodi hilo na vipande vya zinki, vile ambavyo mabaharia hufunga ili viliwe badala ya chuma, zinki inaizuia shaba isitoe ioni. Metali inalindwa, na chaza wanahamia na familia zao. Na ukiunga bomba la aloi hii moja kwa moja na bomba la chuma cha kawaida, chuma ndicho kitakacholiwa, haraka kuliko kingeliwa kikiwa peke yake.

Msomaji ambaye hana boti, tusiachane bado. Paipu za breki za magari mengi ni za chuma kilichopakwa kinga, na kinga ikikwanguliwa na kokoto, chumvi ya pwani inamalizia kazi. Kampuni ya Volvo ilianza kutumia paipu za tisini kwa kumi mwaka 1976, na baadhi ya watengenezaji wengine wa Ulaya wakafuata. Kwenye gereji zetu paipu ikioza kuna fundi atakayekuletea ya kopa tupu, nyekundu, kwa sababu inakunjika kirahisi na haipati kutu. Yote mawili ni kweli. Lakini ukikanyaga breki kwa nguvu, mafuta ndani ya paipu yanaweza kufika megapaskali 10 na zaidi, na gari linatikisika siku nzima. Shaba tupu iliyolainishwa ni dhaifu kuliko aloi hii, na kila mtikisiko unaifanya iwe ngumu kidogo hapo inapojikunja, mpaka siku moja inapasuka karibu na nati. Aloi ya nikeli inakunjika kwa mkono karibu vilevile, ila inavumilia mtikisiko huo kwa muda mrefu zaidi. Ukiweza kuipata, lipia tofauti ya bei.

Utaitambuaje? Sumaku haishiki, au inavuta kwa mbali sana. Chuma kilichovikwa nikeli hung'ang'ania palepale, kama shilingi 1 ya Tanzania ya kuanzia 1987, ambayo unaweza kuipima sasa hivi pamoja na ile ya mwenge. Aluminiamu nayo haishiki sumaku, lakini hii ina uzito wa gramu 8.9 kwa kila sentimita ya ujazo, zaidi ya mara tatu ya aluminiamu, mkono wako utajua. Kisha kwangua kidogo kwa tupa sehemu isiyo na madhara. Kopa itatoa wekundu mkali, brasi itatoa njano, stenlesi itatoa weupe wa kijivu na tupa italalamika. Tisini kwa kumi hutoa rangi iliyo katikati, nyeupe yenye waridi la mbali, kama fedha iliyotazamwa jua likizama. Sabini kwa thelathini haina waridi hilo, na hapo macho peke yake hayatoshi, tafuta muhuri wa namba kwenye mrija au karatasi ya kiwandani.